Rozari Si Hirizi: Maneno kwa Wakatekumeni wa Nyangwe



Wapendwa wakatekumeni, ninyi mnaongojea siku ya Ubatizo wenu huku mkijifunza dini jioni baada ya kazi za shamba na za mto, leo nataka kusema nanyi juu ya sala. Najua wengine mtasema: "Sala tumekwisha kuijua. Baba Yetu tumeshika, Salamu Maria tumeshika, Nasadiki tumeshika." Ni vizuri. Lakini kushika maneno kwa kichwa ni jambo moja, na kujua kazi ya maneno hayo ni jambo lingine. Mtu aweza kuwa na jembe zuri nyumbani, shamba lake likaota majani.

Basi swali la leo ni hili: Rozari iliyo mfukoni mwako, medali iliyo shingoni mwako, na sala ulizofundishwa na mwalimu, vina kazi gani katika maisha yako? Siku hizi kuna pikipiki, kuna simu za mkononi, kuna machimbo ya dhahabu na safari za mbali. Je, vitu hivyo vitakatifu bado vina kazi, au ni mapambo ya wazee? Sikilizeni kwa moyo, kwa maana jibu lake laweza kumjenga mkristu au kumbomoa.

1. Kijana aliyerudisha medali

Tuseme kijana mmoja katekumeni ameondoka hapa kwetu, amevuka mashamba na mito, amekwenda kuchimba dhahabu upande wa Kabambare, kama waendavyo wengi. Siku ya kuondoka mama yake amemvisha medali ya Bikira Maria shingoni. Anafika machimboni. Mwezi wa kwanza bado anasali asubuhi na jioni. Mwezi wa pili anasali anapokumbuka. Mwezi wa tatu Jumapili na Jumatatu zimekuwa siku moja. Akiamka jambo la kwanza ni simu, akilala jambo la mwisho ni simu. Walakini medali haivui hata mara moja, hata akioga.

Siku moja ukingo wa shimo waporomoka. Kijana anavunjika mguu. Fedha zote alizopata zinaisha kwa matibabu, naye anarudi nyumbani kwa mkongojo. Jioni moja anamwendea mwalimu wa dini.

— Tumsifu Yesu Kristu, Mwalimu.

— Milele na milele, amina. Karibu, mwanangu, keti. Pole kwa mguu.

— Asante, Mwalimu. Nimekuja kukurudishia medali hii. Haikunisaidia kitu.

— Ilikuwa ikusaidie nini?

— Inilinde. Si ndiyo kazi yake?

— Nani alikufundisha hivyo? Mimi?

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema:

— Hukunifundisha wewe, Mwalimu. Lakini kule shimoni wenzangu walifunga hirizi mikononi na viunoni. Mimi nilikuwa na medali. Niliona ni mamoja.

Wapendwa, neno hili "ni mamoja" ndilo ugonjwa wenyewe. Kijana huyu hakuacha alama ya imani, aliacha imani akabaki na alama. Aliifanya medali kuwa hirizi, na hirizi ilipomwangusha, akataka kumtupa na Mungu pamoja nayo.

Angalieni vema tofauti. Mwenye hirizi husema: "Nimelipa, nimefungwa, sasa kitu hiki na kifanye kazi yake." Hahitaji kumpenda mtu, wala kuacha wizi, wala kusamehe. Hata akilala na kinyongo, hirizi ni ileile. Lakini medali, Rozari, msalaba, maji ya baraka, Kanisa huviita visakramenti, yaani alama takatifu za kuamsha mioyo yetu ipate kupokea neema ya Mungu. Havina nguvu ya uchawi ndani yake. Vinatuelekeza kwa Mungu, vinatukumbusha neno lake, vinatuombea kwa sala ya Kanisa lililovibariki. Mtoto akivaa nguo aliyoshonewa na mama yake, nguo haimzuii kujikwaa njiani, lakini yamkumbusha nyumba aliyotoka na nani anayemngoja.

2. Mtu wa kwetu aliyekataa kuvua

Msidhani ya kuwa lazima niende Ulaya kutafuta mfano. Nchi yetu ya Kongo imemzaa shahidi wa jambo hilihili, naye ni Mwenyeheri Isidori Bakanja.

Isidori hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa kijana wa kazi za mikono, wa kabila la Waboangi, huko Ekwatori. Alitoka kijijini kwao kutafuta kazi Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville, akawa msaidizi wa waashi. Huko akasikia habari za Yesu Kristu, akawa katekumeni kama ninyi. Akabatizwa tarehe 6 Mei 1906 na wamisionari Watrapisti, akapata Rozari na skapulari. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa vilivyoungwa kwa uzi, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Ni alama ya mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria wa Mlima Karmeli, naye huahidi kuishi kikristu.

Baadaye alipata kazi ya utumishi kwa wazungu wa kampuni ya mpira, akafika mahali panapoitwa Ikili. Hapo fikirini hali yake. Alikuwa mbali na kwao. Padri hakuwako, wala kanisa, wala wakristu wengi wa kumtia moyo. Alikuwa katika kazi ya zama mpya, chini ya bwana mgeni, miongoni mwa watu waliotafuta mshahara. Je, si kama machimbo ya leo? Lakini Isidori aliendelea kusali, na wenzake walipotaka kujua, aliwafundisha alichokijua.

Mkubwa wa mahali pale aliwachukia wamisionari na sala zao. Akamwamuru Isidori aivue skapulari. Isidori akakataa. Mwaka 1909 akapigwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo kilichokuwa na misumari, mpaka mgongo ukawa kidonda kimoja, kisha akafungwa minyororo. Mkaguzi wa kampuni alipofika akamkuta katika hali ile, akamhurumia, akamtwaa akatunzwe. Lakini vidonda vilikuwa vimekwisha kuoza. Mwezi wa Julai wamisionari walimfikia, wakampa Sakramenti. Walipomhimiza amsamehe yule aliyemtesa, alijibu ya kuwa amekwisha kumsamehe, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Akafa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, Rozari ikiwa mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Sasa niambieni: skapulari ile ilizuia kiboko? Haikuzuia. Kama ingalikuwa hirizi, tungesema ni hirizi iliyoshindwa. Tena kwa ajili yake ndiyo alipigwa. Basi ilifanya kazi gani?

Ilimkumbusha kila siku yeye ni wa nani. Na ile sala aliyoisali asubuhi na jioni wakati wa afya, wakati hapakuwa na hatari yoyote, ndiyo iliyomshika siku ya mateso. Mtu hajifunzi kuogelea siku mtumbwi unapopinduka. Sala ilimpa Isidori neno la msamaha kinywani mwake, naye alikuwa amelala kifudifudi kwa sababu ya mgongo wake. Hakuna hirizi hata moja iliyowahi kumfundisha mtu kumsamehe aliyempiga. Hirizi huahidi kumshinda adui. Sala yamgeuza kwanza yeye anayesali.

Wala Isidori si peke yake. Mwenyeheri Anuarite, bikira wa Kongo aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye alimsamehe aliyemwua. Alitangazwa Mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, sikukuu ileile aliyofia Isidori.

3. "Mbona mwarudia maneno yaleyale?"

Mtakutana na watu watakaowacheka. Watasema: "Ninyi Wakatoliki mwarudia Salamu Maria mara hamsini. Je, Mungu ni kiziwi?" Msikasirike, wala msitukane. Jibuni kwa upole, lakini jueni la kujibu.

Ni kweli Bwana Yesu, katika Injili ya Mathayo sura ya 6, alitukataza kusali kama wapagani wanaodhani ya kuwa wingi wa maneno utamlazimisha Mungu. Kosa analolikataza ni kumfanyia Mungu hesabu, kana kwamba tunanunua. Lakini kurudia kwa upendo hakukatazwa. Katika Injili hiyohiyo, sura ya 26, Yesu mwenyewe akiwa Getsemani usiku wa mateso yake alikwenda kusali mara tatu, na mara ya tatu alisema maneno yaleyale. Tena fungueni Zaburi ya 136: ina mistari 26, na katika kila mstari sifa ya huruma ya Mungu inarudiwa. Je, mtawaambia Waisraeli ya kuwa walimdhani Mungu kiziwi?

Waangalieni wavuvi wetu wa Lualaba. Mpiga kasia hupiga kasia, kisha hupiga tena, kisha tena. Mtu aliye mbali aweza kusema: "Afanya jambo lilelile tangu asubuhi." Lakini mtumbwi haukubaki mahali palepale. Ndivyo ilivyo Rozari. Salamu Maria ni ileile, lakini moyo wasafiri: kutoka Nazareti hadi Betlehemu, kutoka mto Yordani hadi mlima wa Msalaba, kutoka kaburini hadi mbinguni. Kila fungu la Salamu Maria kumi twafikiri fumbo moja la maisha ya Bwana wetu na la Mama yake.

Jueni pia asili yake. Zamani watawa walisali Zaburi zote 150. Watu wa shamba wasiojua kusoma hawakuweza. Basi walisali sala fupi mara 150 badala yake, wakihesabu kwa shanga au fundo. Kwa hiyo Rozari iliitwa Zaburi ya maskini. Bibi yako asiyejua herufi hata moja anaweza kusali sala hii sawasawa na daktari wa vitabu. Na labda zaidi, ikiwa moyo wake ni safi zaidi. Mafungu yalikuwa 15 kwa miaka mingi sana. Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili aliongeza mafumbo matano ya mwanga, yanayohusu kazi ya Yesu tangu Ubatizo wake mpaka alipotuwekea Ekaristi. Shikeni siku zake: Jumatatu na Jumamosi mafumbo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Alhamisi ya mwanga, Jumatano na Jumapili ya utukufu. Asiye na shanga ana vidole kumi alivyopewa na Mungu.

Lakini sikilizeni onyo. Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1974 juu ya kumheshimu Bikira Maria, alionya kwamba tusiposali kwa kutafakari, tunaiondolea Rozari uhai wake. Mtu anayekimbiza maneno ili amalize mapema, huku akifikiri bei ya mawese, amerudi karibu na mwenye hirizi: anadhani maneno yatafanya kazi bila moyo wake. Afadhali fungu moja kwa utulivu kuliko matano kwa mbio.

4. Siku moja ya katekumeni

Sasa tuingie nyumbani. Mtauliza: "Padri, tutasali saa ngapi? Kazi ni nyingi, na dunia imebadilika." Tuifuate siku moja tangu asubuhi.

Asubuhi. Unapofumbua macho, mkono wako unakwenda wapi kwanza? Wengi mkono wao unatafuta simu, kuona nani ameandika usiku. Nawapa sheria moja ndogo: ishara ya Msalaba kwanza, simu baadaye. Mkono uliotiwa katika jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu utashika simu kwa namna nyingine. Labda hautaandika tusi, wala hautapeleka habari ya uongo juu ya jirani. Kisha mtolee Mungu kazi ya siku ile, iwe ni kupalilia mpunga, kutwanga muhogo, kutega nyavu au kusukuma baisikeli yenye mizigo. Baba Yetu moja, Salamu Maria moja. Hata maji ya kunawa hayajapoa.

Adhuhuri. Tangu zamani Kanisa husali sala ya Malaika wa Bwana mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na jioni. Twakumbuka habari moja tu, lakini ndiyo habari kubwa kuliko zote: Mwana wa Mungu alifanyika mtu tumboni mwa Bikira Maria. Vijiji vingi havina kengele. Hupigwa kipande cha chuma kilichotundikwa mtini, na chatosha. Na ikiwa uko mbali na chuma hicho, shambani au safarini, itege simu yako ilie saa sita mchana. Hapo chombo kilichokuwa kinakuvuta mbali na sala kimekuwa kengele ya kanisa. Msiogope vitu vipya; vifundisheni kumtumikia Mungu.

Katika sehemu zetu hizi wakristu na Waislamu wanakaa pamoja tangu zamani, mara nyingi katika ukoo mmoja, hata chini ya paa moja. Mwawasikia majirani wakiitwa kusali mara tano kila siku, nao huacha kazi yao wakaenda. Msiwacheke kamwe, wala msiwasumbue. Mjiulize tu: "Mjomba wangu Mwislamu ameacha biashara yake sokoni ili asali, mimi niliyeitwa kuwa mwana wa Mungu kwa Ubatizo, nimeacha nini leo?" Tena mkikaa nyumba moja, salini kwa adabu na kwa amani. Sala inayoleta ugomvi nyumbani imepotea njia.

Jioni. Hii ndiyo saa ngumu. Mama amechoka, moshi wa jiko umemwingia machoni, watoto wanasinzia, baba anataka kusikia habari. Basi simu zote ziwekwe ndani ya kikapu kimoja. Jamaa waketi. Mtoto aanze ishara ya Msalaba. Rozari nzima ya mafungu matano huchukua dakika kama ishirini tu. Lakini mkichoka sana, salini fungu moja, kila mtu ataje anayemwombea. Mtashangaa. Mtoto atamtaja rafiki aliyegombana naye. Baba, akimsikia mkewe akimwombea kwa jina, ataona haya kuendelea na hasira ya mchana.

Msidhani ya kuwa sala hii ya nyumbani ni jambo dogo. Mwaka 1964, maasi ya Simba yalipoenea Maniema, na tena katika vita vya miaka ya 1996 hadi 2003, njia zilifungwa, watu wakakimbilia msituni. Wakati kama huo hakuna wa kukuletea kitabu. Mtu hubaki na kile alichokishika moyoni. Sala mliyowazoeza watoto kando ya moto itawafuata mahali ambapo ninyi na mapadri hamwezi kuwafuata.

Ijumaa. Kumbukeni mateso ya Bwana. Wakati wa Kwaresima fuateni Njia ya Msalaba, vituo 14, hata kama kituo ni msalaba wa vijiti viwili uliofungwa kwa kamba.

Jumapili. Jimbo letu la Kasongo lilianzishwa kama Vikarieti mwaka 1952, likawa jimbo kamili tarehe 10 Novemba 1959. Ni kubwa, na njia zake ni mbaya wakati wa mvua. Padri hawezi kufika kila kijiji kila Jumapili. Je, basi tukae nyumbani? Hasha. Mwalimu wa dini atawakusanya. Mtasikia Neno la Mungu, mtaimba, mtasali. Lakini kumbukeni: Rozari na ibada zote hazishiki mahali pa Misa Takatifu. Ni njia inayoelekea altareni. Ninyi mko njiani kwenda Ubatizo na Ekaristi. Anayependa njia akakataa kufika, hakuelewa njia.

5. Tuwakumbuke wafu wa mahali hapa

Katika sala ya jioni nawaomba muongeze nia moja, inayowahusu watu wa Nyangwe kuliko wengine wote.

Soko la Nyangwe lilijulikana mbali sana zamani. Wanawake walivuka Lualaba kwa mitumbwi, wakileta samaki, muhogo, mafuta na vyungu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara waliofika hapa kufanya biashara waliwafyatulia risasi watu wa soko. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, na wengi wakazama mtoni wakikimbia. Mgeni mmoja Mskoti, David Livingstone, aliyaona kwa macho yake akayaandika, na maandishi yake yalisaidia kuamsha Ulaya dhidi ya biashara ya watumwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1873, yeye mwenyewe alifia safarini mbali na kwao. Hakuwa Mkatoliki, lakini watumishi wake Waafrika walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Nawakumbusha hayo, wala si ili kumhukumu mtu yeyote wa leo kwa dhambi za watu wa kale. Watoto wa waliopigwa risasi na watoto wa waliozipiga wamekwisha kuoana, ni sisi. Nawakumbusha kwa sababu wafu wale hawana anayewataja kwa jina. Kanisa latufundisha kuwaombea marehemu wote, hasa mwezi wa Novemba. Mkipita gatini, mkaona maji yanavyokwenda, semeni: "Ee Bwana, uwape raha ya milele." Tena fikirini jambo hili: lugha ya Kiswahili tunayosali nayo ilifika kwetu katika misafara ileile ya pembe na minyororo. Lugha iliyotumika kuhesabu watumwa, leo yamwita Mungu Baba Yetu. Mungu asiyeshindwa kuibariki lugha, hatashindwa kuubariki moyo wako.

6. Maswali ya kujipima

Mwalimu aulize, wakatekumeni wajibu.

Medali na Rozari ni hirizi?
Hapana. Ni alama takatifu za kutukumbusha Mungu na kuamsha mioyo yetu ipate kupokea neema yake.

Mwenyeheri Isidori alipata faida gani kwa skapulari, hali hakuepuka kiboko?
Alibaki mwaminifu kwa Yesu Kristu, akamsamehe aliyemtesa, akapata uzima wa milele.

Kwa nini twarudia Salamu Maria?
Ili huku midomo ikimsalimu Mama, moyo utafakari mafumbo ya Mwanawe.

Rozari yaweza kushika mahali pa Misa?
Haiwezi. Yatuandaa kwa Misa na yaendeleza neema yake nyumbani.

Nitajuaje ya kuwa sala yangu ni ya kweli?
Nikiona natubu, nasamehe, nasema kweli, na kuwasaidia maskini zaidi kuliko jana.

Namalizia na yule kijana wa mguu. Mnataka kujua mwalimu alimwambia nini. Hakumkemea. Aliitwaa medali, akaifuta vumbi kwa kitambaa, akaiweka tena katika kiganja cha kijana, akasema: "Usiivae. Ishike hivi mkononi asubuhi na jioni, usali Baba Yetu moja kwa ajili ya wenzako waliobaki shimoni, hata wale wenye hirizi. Mguu ukipona, uje uniambie kama ungali unataka kuirudisha." Kijana alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Mwalimu, lile neno la 'utusamehe makosa yetu' linafuatwa na lipi? Nimesahau." Nao wakaanza upya, kama siku ya kwanza ya mafundisho.

Wapendwa, kama mmesahau, nanyi anzeni upya jioni hii. Tusali:

Ee Mungu Baba yetu, umetuita tuwe watoto wako. Utuondolee moyo wa kununua baraka zako, utupe moyo wa kukupenda. Kwa maombezi ya Bikira Maria Mtakatifu na ya Mwenyeheri Isidori Bakanja, utujalie kusali wakati wa amani, tusije tukakusahau wakati wa taabu. Uwalinde wana wetu walio mbali, uwarehemu wafu wetu, utufikishe salama kwenye maji ya Ubatizo. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.